Ng'ombe wa Puto ni wa Nani?

Ukimwambia mtu hapa Kasense kwamba wewe ni fundi, atakutazama mikono. Seremala ana makovu ya msumeno, mshonaji ana kidole kilichozoea sindano, fundi baiskeli ana grisi chini ya kucha. Mikono yangu haina alama ya kuonekana, isipokuwa ngozi ya vidole viwili vya kulia imekuwa ngumu na kung'aa kidogo, kama ya mtu asokotaye kamba. Ndiyo maana nikisema kwamba kazi yangu ni kusokota maputo, na kwamba kazi hiyo inalipa sehemu kubwa ya ada ya chuo ya binti yangu, wengi hucheka kwanza, kisha huuliza bei.

Nalima pia. Hakuna mtu wa Kasense asiyelima, hata kama kata yetu imo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga na watoto wetu wanajiita watoto wa mjini. Nina shamba la mahindi na maharage, na kipande cha ulezi. Lakini mahindi huleta fedha mara moja kwa mwaka, tena kwa bei anayoitaka mnunuzi. Sherehe za watu zina msimu mrefu zaidi. Ubatizo, komunyo ya kwanza, kipaimara, mahafali ya chekechea, siku ya kuzaliwa ya mtoto wa mfanyakazi wa benki: kote huko ndugu msomaji utanikuta nimesimama karibu na mlango, mfuko wa kitambaa kiunoni na pampu mkononi, watoto wamenizunguka kama vifaranga.

Puto letu si lile la mviringo linaloning'inizwa ukumbini. Ni refu na jembamba, na mafundi wa nchi nyingi huliita kwa namba, 260, kwa sababu likijazwa hewa huwa na upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 60, yaani kama sentimita 5 kwa mita moja na nusu. Hulijazi lote. Unaacha mkia usio na hewa, maana kila unaposokota hewa husukumwa mbele, nayo lazima ipate pa kwenda. Kisha unaligawa pingili baada ya pingili, kama muwa, ukisokota upande ule ule mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Pingili moja iliyosokotwa peke yake hufunguka mara uiachiapo. Ukizikunja mbili zikalaliana, ukazisokota pamoja kwenye shina, zinashikana na hazibanduki tena. Pingili ya mdomo, mbili za masikio, moja ya shingo, mbili za miguu ya mbele, moja ya kiwiliwili, mbili za miguu ya nyuma, na kinachobaki ni mkia. Huyo ni mbwa. Duniani kote, fundi wa maputo huanza na mbwa.

Mbwa huyo watoto wa Kasense hawakumtaka. Walimpokea kwa adabu, wakasema asante, wakamtazama kama mtu anavyotazama barua iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Mtoto mmoja wa miaka mitano, ambaye baba yake hulima kwa maksai, aliniuliza kama ninaweza kumtengenezea ng'ombe. Nilimfanyia mbwa mnene zaidi na kumwongezea pembe. Akamgeuza, akampapasa mgongo, akanirudishia. "Huyu hana nundu," akasema.

Alikuwa amesema kweli. Ng'ombe wetu wa Ufipa wana nundu, na ng'ombe asiye na nundu kwa mtoto aliyekua akiwafukuza mahindini si ng'ombe. Ilinichukua karibu masika yote kuipata hiyo nundu. Kila nikiisokota juu ya mabega ilianguka kando, ikawa kama jipu. Usiku mmoja, umeme umekatika na mimi nafanya kazi kwa mwanga wa simu, nikagundua kwamba nundu haina budi kufungwa kabla ya miguu ya mbele: unaibana pingili ndogo, unaivuta nje na kuizungusha juu ya shina lake yenyewe, halafu ndipo unafunga miguu chini yake, na fundo la miguu linaisimamisha. Pembe nilizipata kwa njia rahisi zaidi. Unakata kipande cha puto jingine, unakikunja, unakikanda kwa kiganja chenye joto mpaka mpira usahau unyoofu wake.

Ng'ombe huyo alinipa jina. Watu walianza kusema, "Mwiteni yule mama wa ng'ombe." Na kwa kuwa hapa ni Sumbawanga, mji ambao wageni huutajia uchawi hata kabla ya kuuliza hoteli iko wapi, hakukosa mtu wa kusema kwamba si bure, puto haliwezi kugeuka ng'ombe kwa mikono mitupu. Wenyeji tunajua kwamba jina la mji wetu lenyewe linasimuliwa kuwa na maana ya kutupa uchawi. Mimi huwaambia wanaonitania kwamba nimeutupa kweli, umebaki mpira.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Wasokota maputo katika mji huu si wengi. Tunajuana. Tuko sita au saba, kutegemea nani amepata kazi nyingine na nani ameikosa. Yuko mama mmoja wa Chanji ambaye kazi yake hasa ni kupamba kumbi. Mwalimu wa chekechea. Kijana mmoja wa Mazwi anayeuza vocha za simu mchana. Na bwana mmoja kutoka Muze, kule bondeni, ambaye hupanda kuja mjini kila apatapo mzigo wa kuuza. Kila mwezi, Jumapili moja baada ya ibada, tunakutana barazani kwangu. Hatuna katiba wala mwenyekiti. Tuna mkeka, birika la chai, na mfuko wa maputo yaliyokwisha muda ambayo hakuna mteja wa kupewa. Kila mmoja huonyesha alichojaribu. Wengine hushika, hukifungua, hukisokota tena, hukipasua, hucheka.

Faida ya kukaa pamoja niliiona kwanza kwa huyu bwana wa Muze. Alikuwa akilalamika kwamba vitu anavyovisokota nyumbani vikiwa vizuri kabisa hupasuka garini, kabla hata hajafika kileleni mwa mlima. Tulidhani ni mtikisiko wa barabara. Mwalimu wa chekechea akaenda kumwuliza mwenzake anayefundisha fizikia sekondari, naye akatueleza kwa utaratibu. Muze iko karibu na usawa wa Ziwa Rukwa, kiasi cha mita 800 na kitu juu ya bahari. Sumbawanga iko kwenye mita 1,800 hivi. Kadiri unavyopanda, hewa ya nje inapungua nguvu ya kubana, na katika safari ile inapungua kwa kiasi cha sehemu moja katika kumi. Hewa iliyo ndani ya puto, ikiona haibanwi tena kama mwanzo, hutanuka. Baridi ya juu huirudisha nyuma kidogo, lakini haitoshi. Puto lililojazwa hadi mwisho huko bondeni halina nafasi, linapasuka. Kinyume chake, ng'ombe wangu nikimshusha Muze hufika amelegea magoti.

Tangu siku hiyo bwana wa Muze huacha mkia mrefu anapokuja huku, nami huufupisha nikienda kwake. Yeye naye alitulipa kwa elimu yake ya joto: kwamba juani puto linalong'aa hufifia na kuwa na ukungu, na muda si mrefu hupasuka lenyewe, kwa hiyo kule husokota kivulini na kuhifadhi pakiti ndani ya chungu. Sisi wa juu tulimpa habari ya Juni na Julai, upepo unapovuma na asubuhi mpira unakuwa mgumu kama ngozi kavu. Wakati huo pakiti hukaa kifuani, chini ya sweta, nusu saa kabla ya kazi. Mambo haya hayamo katika karatasi yoyote inayokuja na pakiti. Pakiti zangu zimeandikwa kwamba zimetengenezwa China, na sidhani kama aliyeziandika aliwahi kuifikiria Kasense.

Kuna elimu nyingine ambayo tunapeana bila hata kuulizana, nayo nawaomba wazazi waisome mara mbili. Kipande cha puto lililopasuka ni hatari kwa mtoto mdogo. Mtoto hukiweka mdomoni, akivuta pumzi kinamezwa, na kwa kuwa ni chepesi na kinanyumbulika hujibandika kooni kikaziba njia ya hewa. Nchini Marekani maputo ya mpira huuzwa yakiwa na onyo kwa watoto walio chini ya miaka 8. Mimi simpi ng'ombe mtoto anyonyaye vidole, hata mama yake akinuna. Namfungia juu ya kiti, akamtazame. Sherehe ikiisha, mimi na ufagio tunaondoka wa mwisho, maana vipande hivyo huwaua hata mbuzi na ndama wanaookota kila kitu.

Hayo yote ni rahisi kugawa. Hayakuninyima usingizi. Kilichoninyima usingizi ni nundu.

Yule kijana wa Mazwi alikuja siku ya kazi, si Jumapili. Alisimama nje ya ua mpaka nikamwita. "Shikamoo, mama." Nikamwitikia, nikamkaribisha kiti. Alikaa ukingoni. Akasema amejaribu kwa wiki tatu, akatoa mfukoni ng'ombe wake, ambaye nundu yake ilikuwa imeanguka kando vile vile kama zangu za mwanzo. "Mama, nimeshindwa. Nikimaliza miguu, anapinduka. Naomba unionyeshe mkono."

Ilikuwa mwezi mmoja kabla ya msimu wa mahafali. Nilijua, naye alijua kwamba najua, kuwa shule mbili za chekechea zilikuwa zimemwuliza bei. Shule hizo zilikuwa zangu. Ada ya chuo ilikuwa inangojea, na mahindi yalikuwa bado ghalani kwa kuwa bei haijapanda. Nilimwambia aniache nifikiri mpaka Jumapili. Aliinuka, akashukuru kama mtu aliyekwisha kupewa.

Siku zile nilifikiri sana juu ya watu wa zamani wa nchi hii. Ufipa ilikuwa nchi ya chuma. Wazee wetu walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yenye kimo cha kiasi cha mita tatu, na katika hayo waliyeyusha mawe wakapata chuma cha majembe yaliyouzwa mbali. Profesa Bertram Mapunda, mtaalamu wa mambo ya kale, ameyachunguza kwa miaka mingi, na mabaki yake yangaliko. Ajabu ya ilungu ni kwamba halikuvukutwa. Tanuri refu lilijivutia hewa lenyewe kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini, na baadaye tu, katika tanuri dogo la kusafishia, ndipo mivukuto ilipotumika. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu kazi yangu pia ni hewa ndani ya mrija, ingawa majembe yangu hayalimi.

Lakini ujuzi ule ulifungwa. Fundi mkuu alikuwa na kikapu chake cha dawa, alikuwa na miiko, na wanawake hawakuruhusiwa kukaribia tanuri likiwaka. Mimi nisingesogezwa hata kuuliza. Siwalaumu, chuma kilikuwa silaha na mahari na utajiri, na fundi aliyejua alikuwa mtu mkubwa. Ila majembe ya kigeni yalipofika na serikali ya kikoloni ikaikandamiza kazi ile, mikono iliyoijua ilikuwa michache, ikazeeka pamoja na wenyewe. Chuma kingekufa hata hivyo, bei ya jembe la dukani ingekiua. Sisemi kwamba siri ndiyo iliyokiua. Nasema tu kwamba leo mtu akitaka kujua ilungu lilijengwaje, inambidi kuchimba.

Dada yangu, ambaye ni mfanyabiashara na hana muda wa malungu, alinipa mfano mwingine. Aliishi Dar es Salaam miaka mingi. "Waangalie wachoraji wa Tingatinga," akasema. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta kwenye mbao za dari. Aliwafundisha jamaa zake wachache, wakakaa pamoja, wakatazamana mikono. Alipofariki mwaka 1972 kazi haikufa naye. Wanafunzi wake waliiendeleza, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Leo jina la mtu mmoja limekuwa jina la mtindo mzima unaojulikana duniani. Nilidhani dada ananihimiza nimwonyeshe kijana. La hasha. "Sasa nenda pale wanapouza," akaendelea, "utaona picha ile ile ya twiga imetundikwa mabanda kumi. Mnunuzi anatembea tu akishusha bei. Ndivyo itakavyokuwa ng'ombe wako."

Wote wawili, chuma na twiga, walikuwa na hoja. Nilijaribu kupiga hesabu kama mtu mzima. Nikimnyima, ataipata nundu mwenyewe baada ya miezi miwili au mitatu, maana mikono yake ni mizuri kuliko yangu. Nikimpa, nitapoteza shule moja mwaka huu, pengine mbili. Tofauti ya fedha ilikuwa msimu mmoja. Tofauti nyingine ilikuwa kwamba akiipata mwenyewe hataileta barazani, na wala hataleta kitu kingine chochote baada ya hapo. Na nani angemlaumu?

Jumapili ilipofika nilimwonyesha, mbele ya wote, mara nne, polepole, kisha nikampa puto afanye yeye. Mara ya pili ng'ombe alisimama. Mama wa Chanji akapiga kigelegele kidogo, nusu ya dhati na nusu ya mzaha.

Shule moja ilinitoka, kama nilivyotazamia. Sikuifurahia. Nilipita mbele ya lango siku ya mahafali nikaona watoto wakitoka na ng'ombe wenye nundu mikononi, na moyo ulinichoma kama ungechomwa moyo wa mtu yeyote. Binti yangu alichelewa kumaliza malipo ya muhula ule kwa wiki tano. Tuliuza gunia mbili za mahindi kabla ya wakati, kwa bei ya chini.

Mwezi uliofuata kijana alikuja na ndama. Alikuwa amegundua kwamba nundu yangu ikifanywa nusu, na shingo ikafupishwa, puto moja linaweza kutoa ng'ombe na ndama wake anayenyonya, bila kukata kipande cha pili. Sikuwahi kulifikiria hilo. Alitufundisha papo hapo, hakungoja kuombwa. Komunyo ya kwanza ya mwaka ule niliuza ng'ombe na ndama kwa shilingi 1,500 mahali pa 1,000, na puto lilikuwa lile lile moja.

Baada ya hapo tulikubaliana mambo mawili. Ukitumia alichobuni mwenzako, mteja akiuliza, utaje aliyekibuni. Na kazi ambayo mwenzako ameifanya miaka miwili mfululizo, huendi kuishushia bei. Ukiitwa, unamwarifu kwanza. La pili limevunjwa mara moja, tukagombana, tukasuluhishwa na chai. Si wote waliokubali. Mama wa Chanji ana shada la maua ya harusi analolisokota kwa namna yake, na mpaka leo hatuonyeshi. Huja barazani, hunywa chai, hutoa mawazo yote mengine, na shada hulifunika kwa kanga. Wapo wanaonung'unika. Mimi naona ana haki. Ana watoto wanne na hana shamba, na shada hilo ndilo shamba lake.

Hivi sasa tunahangaika na kitu kikubwa. Shule moja ya msingi imetutaka sote kwa pamoja, tuipambe siku ya sherehe yake, na mwalimu wa chekechea akapendekeza maksai wawili wenye nira wakikokota plau, na mkulima nyuma. Maksai tayari. Nira tumeipata kwa bwana wa Muze, ambaye husokota maputo mawili pamoja kama kamba na kuyapitisha shingoni. Mkulima amefanywa na kijana, na kofia anayo. Plau ndiyo inayotushinda. Mishikio yake inalegea kabla maksai hawajafika mlangoni, na kila Jumapili mtu mwingine anaichukua kwenda kuijaribu nyumbani. Wiki hii imo kwa mama wa Chanji.